Utaridi Haina Fundi wa Plasta

3 Februari

Kiberiti, mpwa wangu,

Pokea salamu zangu mpaka zikujae mikononi, zikibaki uwagawie jirani. Huku tuko wazima. Mama yako mzima, duka lake la nyuzi na vifungo linakwenda, na kila mteja akimwuliza uko wapi anajibu, "Yule? Kaenda ng'ambo kusomea nyota," huku kakunja uso kama aliyelamba ndimu. Lakini picha yako kaitundika pale pale juu ya kaunta, haondoki mteja bila kuiona. Mguu wangu umepona. Daktari kasema nikitaka nicheze hata mpira, kwa hiyo habari za mguu tuzifunge hapa.

Unaniuliza kwa nini sipigi simu. Simu yangu tulianguka nayo pamoja, mimi nikapona, yenyewe haikupona. Na ya mama yako ukiongea mtaa mzima unasikia. Barua haina spika.

Sasa sikiliza, nimepata kazi! Mwaka mzima nimekaa kama mfuko wa saruji ulionyeshewa, leo nimeshika tena mwiko. Pale karibu na maktaba wanajenga ukumbi wa sayansi wa watoto, na ndani yake zitaning'inia sayari zote. Kila fundi kapewa yake. Seremala kapata ile yenye pete, na anaringa huyo, hasemeki. Mimi nimepewa Utaridi, kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote na naweza kuitengeneza chini, sakafuni, kwa raha zangu. Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja asiyecheka ovyo, anataka na dari nilipige plasta mimi. Nimemwambia tutaona.

Utaridi yangu nimeisuka kwa waya, nimeipaka plasta, nimeilainisha siku mbili. Nzi akitua anateleza! Msimamizi kaizunguka, kaipapasa, kisha akasema, "Fundi, ni nzuri sana. Ila hili ni yai."

Nisaidie, mpwa wangu. Wewe huko umeshaiona, kwa darubini au kwa macho? Nieleze ilivyo.

Mjomba wako

19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako niliisomea ngazini, sikuweza kungoja nifike chumbani. Mimi sijambo. Chumba changu cha bweni bado kile kile cha chini ya ardhi, dirisha liko juu karibu na dari na naona viatu vya watu tu. Siku hizi nawajua majirani kwa soli zao. Masomo yananikaba lakini nayapenda.

Hongera ya kazi! Nimeruka mpaka nimegonga kichwa kwenye bomba. Na katika sayari zote wakupe Utaridi, ile ile ninayoisoma mimi!

Lakini Mjomba, umeiharibu kwa ufundi wako. Utaridi haikupata kulainishwa na mtu. Ni mpira wa mwamba, rangi ya kijivu kilichokolea, na uso wote ni mashimo: makubwa, madogo, mashimo ndani ya mashimo. Mawe ya angani yameipiga tangu zamani za zamani. Haina hewa ya maana ya kuyaunguza kabla hayajafika, haina mvua ya kufuta alama, haina upepo. Shimo likichimbika leo, limechimbika. Haina mwezi hata mmoja. Iko karibu na jua kuliko sayari yoyote, mchana wake unaweza kuyeyusha risasi, na usiku wake ni baridi ambayo hakuna friji duniani inayoifikia.

Na hili likae vizuri kichwani, maana mimi lilinikosesha usingizi nilipolisikia mara ya kwanza. Mwaka wake ni siku zetu themanini na nane tu, kwa jinsi inavyokimbia kulizunguka jua. Lakini yenyewe inajigeuza polepole mno. Kutoka jua kuchomoza mpaka kuchomoza tena, miaka yake miwili imekwisha. Siku moja, miaka miwili! Ukizaliwa huko asubuhi, jioni una mwaka mzima.

Sasa na mimi nina swali. Mama kaniambia kwamba umekataa kazi tatu kwa kuwa zilikuwa na ngazi. Kaniambia pia balbu ya chumbani kwako imeungua tangu Oktoba na unakula kwa mshumaa kwa sababu hutaki kupanda hata stuli. Ni kweli, Mjomba?

Kiberiti wako

6 Machi

Kiberiti,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mia. Salamu za mama yako hizi hapa: anasema ule, na uvae soksi. Siku ile nilipomsomea habari za Utaridi alikuwa anahesabu vifungo, akasema upuuzi mtupu, akavikosea hesabu, akaanza upya.

Habari za balbu ni habari za umeme, na mimi si fundi umeme.

Tuzungumze ya maana. Ulivyosema mashimo, moyo ulinishuka. Maisha yangu yote nimeziba mashimo! Watu wananilipa niyazibe! Nikachukua mwiko nikaanza kuyachimba moja moja, nikayapanga vizuri, yakatoka kama kichujio cha chai. Aibu. Nikabomoa.

Basi nikakaa juu ya ndoo nikafikiri. Wewe umesema yaligongwa na mawe. Sasa mimi nachimba ya nini? Nikaigawa sayari nusu mbili, nikaipaka plasta mbichi, nikaokota kokoto, nikaziachia zidondoke. Kiberiti! Tap! Likatoka shimo la mviringo, na ukingo wake umejiinua wenyewe kama mdomo wa chungu. Sikugusa kitu! Nikaachia jingine, na jingine. Nageuza nusu ile ili kila upande upate zamu yake ya kupigwa. Plasta imeniruka mpaka kwenye nyusi, nacheka peke yangu kama mwendawazimu, na seremala kaacha pete zake kaja kuangalia.

Ila kokoto ya kutoka mkononi inatoa shimo dogo. Nikapanda kwenye kiti, yakatoka makubwa kidogo. Nikapanda mezani. Meza ni meza, usianze maneno. Lile jukwaa la mafundi, la mabomba na mbao, lililo nyuma ya ukumbi upande wa magharibi, silisogelei.

Ile ya siku moja miaka miwili nimewasimulia mafundi wote. Kuna mmoja anapenda kuwaambia wateja "njoo kesho". Tumekubaliana ahamie Utaridi.

Msimamizi kaja, kapiga magoti sakafuni kwa gauni lake zuri, kayapapasa mashimo, akasema, "Hii sasa ni sayari." Kisha akaharibu siku: dari linangoja, na mwezi wa tano ukiisha sijaanza, atamwita fundi mwingine. Nimemwambia tutaona.

Hukunijibu: uliiona kwa darubini au kwa macho matupu?

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa, mitihani ilinishika shingo. Imekwisha, nimepita. Mwambie Mama, na mwambie soksi navaa.

Barua yako nimeisoma mbele ya wenzangu darasani nikiwatafsiria, na nilipofika kwenye "tap!" walipiga makofi. Mwalimu wetu kasema hivyo ndivyo wanavyofanya hata kwenye maabara, wanaangusha vitu kwenye mchanga wapime mashimo. Umejigundulia mwenyewe ukiwa juu ya ndoo!

Nikuongezee mawili. La kwanza, lipo shimo moja kubwa kupita yote, upana wake ni safari ya siku nzima kwa basi liendalo kasi. Jiwe lililolichimba lilikuwa na kishindo ambacho wataalamu wanadhani kilitikisa sayari nzima, ardhi ya upande wa pili ikavurugika. Usilisahau hilo. La pili utalipenda: moyo wa Utaridi ni chuma, donge kubwa la chuma, na kadiri linavyopoa, sayari yote inasinyaa. Uso umejikunja, umefanya ngazi ndefu za miamba. Si ndivyo inavyofanya plasta ikikauka haraka? Na kwenye ncha zake, ndani ya mashimo ambayo jua halijawahi kuchungulia, kuna barafu. Pembeni kabisa mwa jua, barafu!

Sasa nisikilize bila kukunja uso, maana mna uso mmoja wewe na Mama. Utaridi inaonekana kwa macho. Haihitaji darubini. Lakini ni ya haraka, haitoki mbali na jua, inajitokeza muda mfupi tu jua likishazama, chini kabisa upande wa magharibi, kisha inaondoka. Itakuwepo kuanzia tarehe kumi ya mwezi wa tano, kama wiki mbili hivi. Ukiwa mtaani kwetu huioni, maghorofa yameziba kila upande. Nimefikiri sana ni wapi unaweza kuiona, nikapata mahali pamoja tu. Uliniambia nyuma ya ukumbi, upande wa magharibi, bado lipo jukwaa la mafundi. Juu yake utakuwa umeyapita mapaa yote.

Sikulazimishi, Mjomba. Nakwambia tu iko wapi.

Kiberiti wako

14 Aprili

KIBERITI!

Salamu baadaye! Wote wazima! Nimeiona!

Barua yako imefika leo mchana, sikuweza kungoja mwezi wa tano, mimi si mtu wa kungoja. Jioni nimekwenda nyuma ya ukumbi wakati mafundi wameshaondoka, nisichekwe. Nikashika bomba la kwanza. Nikwambie ukweli, kwa kuwa wewe ni mpwa wangu na hutonitangaza: niliogopa. Nilipanda ghorofa ya kwanza nikakumbatia nguzo kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni. Nikaangalia ule ubao. Ni ubao kama ule ule, Kiberiti, ule uliogeuka chini ya mguu wangu nikaanguka. Nikatema mate, nikasema, leo au basi. Nikaupima kwa mguu, nikaupima tena, nikapanda. Nimefika juu natokwa jasho kama niliyebeba zege.

Nikageuka magharibi, nayo ile pale! Nyeupe, kali, inawaka kama taa ya pikipiki inayokuja! Nilipiga kelele mwenyewe kule juu. Mtu mmoja chini akauliza kama kuna moto.

Nimeshuka matako kwanza, taratibu, nimefika chini nimebusu ukuta. Basi, mpwa wangu, nimemaliza. Nimepanda, nimeiona, sipandi tena maisha yangu yote. Sayari yangu imekamilika na shimo lako kubwa nimeliweka, nimetumia jiwe la kusagia. Dari apewe mwingine. Kesho nitamwambia Msimamizi.

Asante. Asante sana.

Mjomba

26 Aprili

Mjomba wangu mpenzi, shikamoo.

Nimelia na kucheka kwa barua moja. Nilikuona kabisa ukiikumbatia ile nguzo. Hujui ninavyojivunia wewe. Nimepita nayo vyumba vyote vya bweni, nimewaambia, mjomba wangu kapanda.

Halafu nikarudi chumbani nikakaa kitandani, na tangu juzi naanza barua hii naichana.

Mjomba, ningeweza kunyamaza. Usingejua. Ungekufa ukiwa mzee wa miaka mia ukiwaambia watu umeiona Utaridi, na nani angekubishia? Lakini nakuheshimu, siwezi kukuachia jambo ambalo silo. Ile uliyoiona, ikiwaka kama taa ya pikipiki, si Utaridi. Ni Zuhura. Ni sayari ya haki na ni nzuri, lakini ni dada mkubwa, anayejipamba aonekane na kila mtu. Utaridi siku ile haikuwepo jioni kabisa. Wewe ulitangulia karibu mwezi mzima!

Najua unachosema sasa hivi. Sema tu, nimeziba masikio.

Na kwa kuwa nimekwambia lako, nikwambie langu. Mara mbili umeniuliza niliionaje na mara mbili nimeruka swali. Sijawahi kuiona, Mjomba. Miaka miwili naisoma, najua uzito wake, najua barafu yake iko shimo gani, na yenyewe sijaitia machoni hata siku moja. Mimi naiona kwa tarakimu kwenye kompyuta. Mwaka wa kwanza mwalimu aliuliza ni nani hajawahi kuiona kwa macho, hakuna aliyenyoosha mkono, na mimi sikunyoosha. Tangu hapo naona haya. Paa la bweni ufunguo wake anao mlinzi, na ukiuomba anauliza mbele za watu unakwenda kufanya nini.

Itabidi upande tena, Mjomba. Tarehe kumi mpaka ishirini na tano. Mtafute Zuhura kwanza, kisha shuka chini yake karibu na mapaa. Ni ndogo, haing'ai sana, rangi yake kama ya chai ya maziwa. Na kama Msimamizi hujamwambia, tafadhali usimwambie kwanza.

Kiberiti wako, mwenye haya

20 Mei

Kiberiti,

Marahaba. Salamu zako zimefika zikiwa na kofi ndani.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilisema yote uliyoyategemea na mengine ambayo hukuyategemea. Zuhura! Nimetetemeka mpaka nikakaribia kujikojolea kwa ajili ya Zuhura, ambaye ningeweza kumwona nikiwa nimeketi mlangoni kwa mama yako! Nikaitupa barua chini ya kitanda. Nikaiokota. Nikasoma pale unaposema hukunyoosha mkono, hasira ikaniisha, nikakuhurumia. Umebeba haya miaka miwili, na mimi nilidhani nimebeba peke yangu.

Msimamizi sikuwa nimemwambia. Kila asubuhi nilikuwa nafika mlangoni kwake naishia kumsalimia.

Tarehe kumi nikapanda. Nguzo nikaikumbatia tena, usicheke. Mawingu. Tarehe kumi na moja nikapanda, mawingu. Siku ya tatu mvua, nikapanda hivyo hivyo kwa ubishi nikalowa. Ya nne kukawa kweupe lakini kuna mtu kaanika mashuka juu ya paa lake pale pale magharibi, nikampigia kelele ayatoe, akanitukana vizuri. Ya tano nikapanda na chai yangu kwenye chupa. Ya sita nilikuwa nimefika juu, nimeketi, nimejimiminia, ndipo nikakumbuka kwamba ile nguzo nimeipita bila kuigusa. Nikakaa naiangalia, Kiberiti. Machozi yakanitoka tu.

Na siku hiyo hiyo ikatoka. Zuhura alikuwa anajishaua kule juu, nikamwambia leo sikutaki wewe. Nikashuka kwa macho mpaka kwenye mapaa. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Halafu kikawepo kidoa, rangi ya chai ya maziwa kama ulivyosema, nikaogopa hata kupepesa. Ndogo! Nikasema, ndiyo wewe? Mashimo yote yale, chuma chote kile, siku moja miaka miwili, ndiyo wewe huyo?

Sasa subiri. Nasikia chini, "Wewe! Shuka!" Mama yako. Kaambiwa na mtu wa mashuka kwamba kuna kichaa jukwaani kila jioni, akafunga duka akaja. Unajua aliyekaa na mimi hospitali usiku wote ule ni yeye. Alikuwa analia kwa hasira. "Shuka sasa hivi, au unataka nikuzike!" Nikamwambia, dada, nikishuka itakuwa imeshaondoka, njoo uone. Akasema hapandi. Akasema mimi na wewe tumelogwa na mtu mmoja. Kisha nikasikia bomba linalia, nikachungulia. Anapanda! Kafunga kanga kiunoni, viatu kaviacha chini, anapanda na matusi. Nikampa mkono, nikamkalisha ubaoni, nikamshika kichwa nikakielekeza. "Chini ya ile kubwa. Zaidi. Pale."

Mama yako, Kiberiti, aliiona! Aliiangalia mpaka ikazama nyuma ya paa, na hata ilipozama hakuondoa macho. Kisha akauliza polepole, "Ndiyo hiyo iliyomchukua mwanangu?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akasema, "Kadogo hivyo. Bila yeye kasingekuwa na mtu wa kukasoma." Akafuta uso kwa kanga. Nikamwambia hata wewe hujawahi kuiona, unaona haya kumwomba mlinzi ufunguo wa paa. Nisamehe, ilinitoka. Kwanza hakuamini. Halafu akacheka, akacheka mpaka jukwaa likatikisika, na mimi nikacheka nalo likitikisika.

Leo ni siku ya pili niko juu, chini ya dari la ukumbi, na barua hii naiandikia huku huku. Nusu nimeshapiga plasta. Nimeshuka mara moja tu, kula.

Mama yako kanipa maneno ya kukufikishia, kasema niyaandike hivi hivi bila kupunguza: "Mwambie mimi muuza vifungo nimeiona kabla yake. Akaombe ufunguo."

Mjomba wako